Buster Keaton na kazi yake katika filamu bubu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Buster Keaton ni nani hasa?

Ni mchekeshaji, mwongozaji na mbunifu wa vituko wa Kimarekani. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, na alifariki tarehe 1 Februari 1966 huko California, akiwa na umri wa miaka 70. Jina lake la kuzaliwa ni Joseph Frank Keaton. Kilele chake kilikuwa kifupi: kati ya 1920 na 1928, akiwa na kikosi chake mwenyewe, alitoa filamu fupi 19 na filamu ndefu 10. Baada ya hapo alitengeneza filamu bubu mbili tu chini ya kampuni ya MGM, kisha sauti ikaingia.

Wengi wanamjua kwa uso usiotabasamu. Sisi tunashauri uanze kumtazama kama fundi. Alikuwa na studio yake mtaa wa Lillian Way, Hollywood, ambayo zamani Charlie Chaplin aliitumia, na humo alikuwa na fundi mkuu Fred Gabourie na mpiga picha Elgin Lessley. Alipokuwa na karakana hiyo, alifanya maajabu. Alipoipoteza, kazi iliharibika ndani ya miaka mitano. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo moja.

Jina "Buster" alipewa na Houdini?

Hivyo ndivyo familia ilivyopenda kusimulia: mtoto aliporomoka kwenye ngazi, akainuka bila jeraha, na mwanamazingaombwe Harry Houdini akatamka neno hilo kwa mshangao. Ni kweli baba yake na Houdini walifahamiana na walizunguka pamoja kwenye maonyesho ya kuuza dawa. Lakini jina la Houdini limeingia katika kisa hiki baadaye, pale lilipokuwa linavuta watu. Ukiandika makala, usikichukue kama ukweli uliothibitishwa.

Alijifunza wapi kuanguka bila kuvunjika?

Jukwaani, tangu utotoni. Wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa waigizaji wa vodevili, yaani maonyesho ya jukwaani yenye vipande vifupi vya nyimbo, sarakasi na vichekesho. Buster alipoingizwa, kundi likaitwa The Three Keatons. Kipande chao kilikuwa cha baba anayejaribu kumtia adabu mtoto mtundu: anamrusha upande wa pili wa jukwaa, anamtupa kwenye mapazia, wakati mwingine hadi shimoni kwa wanamuziki. Mgongoni mwa nguo ya mtoto walishonea mshikio wa sanduku la safari ili baba apate pa kushika. Shirika la kutetea watoto la New York liliwaandama kwa miaka mingi.

Siri ya kuanguka aliieleza mwenyewe mara nyingi: mwili uwe legevu, na mkono au mguu utangulie kugusa chini ili upunguze kishindo. Anayekaza mwili ndiye anayeumia. Ukitazama filamu zake polepole utauona mkono huo ukitangulia, hasa anapoangukia mgongo.

Uso mkavu nao ulitoka huko huko. Mtoto aligundua kwamba akicheka baada ya kurushwa, watu wananyamaza. Akibaki na uso mzito, ukumbi unalipuka. Ilikuwa hesabu ya kazi, wala haikuwa huzuni ya moyoni kama wengi wanavyodhani.

Basi ni kweli hakuwahi kucheka mbele ya kamera?

Si kweli. Katika filamu za mwanzo alizocheza na mchekeshaji Roscoe Arbuckle, kwa mfano ile ya 1917 iliyopigwa Coney Island, anacheka waziwazi na kulia pia. Aliacha kabisa alipoanza kuongoza filamu zake mwenyewe.

Aliingiaje kwenye filamu?

Mwanzoni mwa 1917 kundi la familia lilivunjika kwa sababu ya ulevi wa baba, ambao ulifanya kurushana jukwaani kuwe hatari ya kweli. Buster alikuwa ameshapata mkataba wa jukwaani New York wa dola 250 kwa wiki. Kabla hajaanza, alialikwa kwenye studio ya mtayarishaji wa filamu Joseph Schenck, East 48th Street, ambako Arbuckle alikuwa anatengeneza filamu fupi. Alicheza siku ileile, katika The Butcher Boy. Kisha akauacha ule mkataba na kukubali dola 40 kwa wiki.

Kilichomnasa ni kamera. Aliomba aifungue aone inavyofanya kazi ndani: filamu inavyopita, shata, yaani kifuniko cha kuzuia mwanga, inavyozunguka, vipande vinavyokatwa na kuunganishwa. Akiwa na Arbuckle alijifunza kila idara, na kufikia 1920 walikuwa wamecheza pamoja filamu fupi 14. Katikati, mwaka 1918, aliitwa jeshini na kupelekwa Ufaransa, ambako masikio yake yaliathirika. Arbuckle alipohamia filamu ndefu, Schenck alimpa Buster studio na kikosi.

Filamu zilitengenezwaje bila muswada?

Walikaa chumbani watu wachache: Keaton, Clyde Bruckman, Jean Havez, Joe Mitchell na wengine kwa nyakati tofauti. Walitafuta mwanzo mzuri, kisha wakaruka moja kwa moja hadi mwisho. Wakishapata mwisho unaoridhisha, waliamini katikati patajijaza penyewe. Gabourie aliitwa mapema kabisa, kwa sababu kituko kisichojengeka hakina faida. Akisema kitu fulani kinahitaji wiki mbili za kujenga, ratiba ilipangwa kumzunguka yeye. Wakikwama, waliacha kazi wakacheza besiboli hadi wazo lije.

Maandishi ya kwenye skrini aliyaogopa. Alisema filamu ndefu ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na kadi za maandishi kama 240, na yeye hakuwahi kuzidisha 56. Hii ndiyo sababu filamu zake hazimsumbui mtazamaji asiyejua Kiingereza.

Na walijaribisha. Mfano bora ni Seven Chances ya 1925. Katika onyesho la majaribio, mwisho ulikuwa umepoa, lakini watu walicheka ghafla sehemu moja: Keaton akikimbia mteremko aligonga jiwe, nalo likagonga mengine mawili, yakaanza kumfukuza. Haikuwa imepangwa. Walirudi, Gabourie akatengeneza mawe bandia 1,500 ya ukubwa mbalimbali, makubwa kabisa yakifikia futi 8, wakayaporomosha mlimani. Leo watu wanaikumbuka filamu hiyo kwa mawe.

Ule ukuta uliomwangukia ulikuwa wa kweli? Ulifanyikaje?

Ulikuwa wa kweli. Tukio lipo katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, lililopigwa mwaka 1927 kando ya mto huko Sacramento, California. Keaton amesimama mbele ya nyumba wakati wa kimbunga. Ukuta mzima wa mbele unamwangukia, naye anapona kwa sababu dirisha lililo wazi limepita juu ya mwili wake.

Jinsi walivyofanya: kwanza walitia bawaba chini ya fremu ya ukuta. Kisha wakailaza fremu ardhini, Keaton akasimama mahali pake, na dirisha likajengwa kumzunguka. Aliachiwa nafasi ya inchi 2 kila bega, inchi 2 juu ya kichwa na inchi 2 nyuma ya visigino. Pale visigino vilipotakiwa kukaa waligongelea misumari mikubwa ardhini, ili akikanyaga ajue amefika bila kutazama chini. Ndipo ukuta ukainuliwa, ukamaliziwa na kupakwa rangi.

Swali linalofuata huwa: kwa nini usijengwe kwa mbao nyepesi? Kwa sababu ya upepo. Mashine sita zenye injini za ndege zilikuwa zinavuma pale. Ukuta mwepesi ungepinda ukiwa hewani, na ukipinda, dirisha linahama. Kwa nafasi ya inchi 2, kuhama kidogo ni kifo. Kwa hiyo waliufanya mzito na mgumu, takriban tani 2, uanguke umenyooka. Usalama wake ulikuwa ndani ya uzito ule ule ambao ungemuua.

Tena hakuanza na huu. Kituko hicho hicho alikuwa amekijaribu kwa ukuta mdogo wa jukwaani mwaka 1919 akiwa na Arbuckle, kisha katika One Week ya 1920. Ilikuwa mara ya tatu, kubwa zaidi. Ilipigwa mara moja tu.

Kimbunga chenyewe hakikuwa kwenye mpango wa awali. Walikuwa wamejiandaa kwa mafuriko, lakini 1927 mto Mississippi ulifurika na kuua watu, ikaonekana haifai kuchekesha kwa maji. Seti nzima ikabadilishwa.

Kulikuwa na vituko vilivyokataa?

Vingi, na hapo ndipo unapoona kazi ya karakana. Chukua The Boat ya 1921. Kituko kinasikika chepesi: mashua mpya inateremshwa majini, Keaton amesimama juu yake wima, nayo inakwenda moja kwa moja hadi chini bila kusita. Tatizo ni kwamba mashua ya mbao haitaki kuzama. Walipakia vyuma vyenye uzito wa takriban ratili 1,600. Ikateremka taratibu mno, maana hewa iliyonaswa ndani iliinua sehemu ya nyuma ya mashua. Wakatoboa matundu. Bado mbao zenyewe zilielea. Mwishowe walipitisha kebo chini ya maji kwenye puli iliyotiwa nanga, wakaifunga mashua upande mmoja na tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta, upande wa pili, nje ya picha. Tagi ilipoondoka, mashua ilivutwa chini. Kwenye skrini ni sekunde chache.

The Navigator ya 1924 iliwapa shida ya namna hiyo. Walitaka kupiga picha chini ya maji, wakaongeza kina cha bwawa la kuogelea kwa kuinua kuta zake. Uzito wa maji ukapasua sakafu. Wakahamia ziwa Tahoe, ambako maji ni angavu lakini baridi sana. Keaton hakuweza kukaa chini zaidi ya kama nusu saa kwa mara moja, na vipande vile vifupi vikachukua karibu mwezi.

Waliwezaje kumwonyesha Keaton mara tisa kwenye picha moja?

Hiyo ni The Playhouse ya 1921. Kompyuta haikuwepo, wala hapakuwa na mashine ya kuunganisha picha inayoaminika. Mbele ya lenzi iliwekwa kizuizi kilichogawanywa vipande vyembamba vya wima. Kipande kimoja kinafunguliwa, Keaton anacheza sehemu yake, kinafungwa. Filamu inarudishwa nyuma hadi fremu, yaani picha moja ya ukanda, ileile ya kuanzia, kipande cha pili kinafunguliwa, anacheza tena. Mara tisa, juu ya filamu ileile moja.

Ugumu ulikuwa kwenye mkono wa Lessley, kwa kuwa kamera iliendeshwa kwa kuzungusha. Mara zote tisa ilibidi azungushe kwa kasi ileile kabisa, la sivyo Keaton mmoja angekimbia kuliko jirani yake. Mara ya nane ikiharibika, zote saba za kabla zimepotea. Keaton naye alifuata mapigo ya muziki wa banjo ili hatua zilingane.

Kwa nini alichagua mbinu hiyo wakati ule? Kwa sababu alikuwa ametoka kuvunjika kifundo cha mguu: kiatu kilinaswa kwenye ngazi ya umeme walipokuwa wakipiga The Electric House, na filamu hiyo ikasimamishwa hadi 1922. Alihitaji kazi isiyo ya kuruka.

Ajali zake nyingine ni zipi?

Katika Three Ages, 1923, aliruka kutoka paa moja hadi jingine akapungukiwa, akagonga ukuta na kuanguka kwenye wavu. Akalala kitandani siku kadhaa. Walipotazama kipande kile wakaona ni kizuri, wakajenga mwendelezo wa anguko hilo badala ya kulitupa.

Mwaka huohuo, akipiga Our Hospitality kwenye mto Truckee, kamba iliyomshikilia ilikatika, mkondo ukamchukua. Kamera haikuzimwa, na picha ile imo kwenye filamu. Maporomoko ya maji ya mwisho, kinyume na watu wanavyoamini, yalijengwa studio.

Mbaya kuliko zote ni ya Sherlock Jr., 1924. Ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji la treni, bomba linateremka, maji yanamwagika. Hawakukadiria vizuri nguvu ya maji kutoka kwenye bomba pana vile. Yalimwangusha, shingo ikagonga reli. Aliumwa kichwa kwa wiki kadhaa na akaendelea na kazi. Katika miaka ya 1930 daktari alitazama picha ya eksirei akamwonyesha ufa wa zamani kwenye pingili ya shingo, uliokwisha kujiunga.

The General ilifeli kwa nini, wakati leo inaitwa kazi yake kuu?

Inasimulia wizi wa treni uliotokea kweli Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Keaton alitaka reli na vichwa vya treni vya enzi ile. Alivipata Cottage Grove, Oregon, ambako reli za kampuni za mbao zilikuwa bado na mwonekano wa zamani. Wanajeshi wa akiba wa jimbo, karibu 500, walivaa sare za upande mmoja, wakabadilisha, wakavaa za upande wa pili.

Tarehe 23 Julai 1926 walipiga tukio la daraja kuungua na kichwa cha treni kutumbukia mto Row. Kichwa kilikuwa cha kweli, daraja la kweli, na nafasi ilikuwa moja tu. Kwa hiyo ziliwekwa kamera kadhaa. Kwa kawaida gharama yake hutajwa kuwa dola 42,000, na inahesabiwa kuwa picha moja ghali kuliko zote za enzi ya filamu bubu. Mabaki ya kichwa yalikaa mtoni hadi vita vya pili vya dunia, vyuma chakavu vilipotakiwa. Cheche za vichwa vilivyochoma kuni zilianzisha moto msituni, kazi ikasimama kwa sababu ya moshi.

Tazama kwa makini pale anapokaa kwenye fito la chuma linalounganisha magurudumu, treni ikaanza kutembea naye akipanda na kushuka. Ni kipande tulivu, ila kilikuwa na hatari kubwa: dereva akizidisha mvuke kidogo, magurudumu yanateleza na kuzunguka kwa kasi papo hapo, na aliyekaa kwenye fito anarushwa. Pia pale mbele ya treni anapotumia taruma moja, yaani gogo la kulalia reli, kuligonga taruma jingine lililolala relini. Kosa la sekunde moja lingeiangusha treni.

Filamu iligharimu kama dola 750,000, na mapato yake ndani ya Marekani hayakufika 500,000. Wakosoaji wa 1927 waliiona ndefu, na wengine hawakupenda kichekesho chenye maiti za vita. Matokeo yake yalimwumiza kwa muda mrefu: kuanzia hapo aliwekewa msimamizi wa gharama, na Schenck akaanza kufikiria kuifunga studio. Mwaka 1989 The General ilikuwa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuwekwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Je, alianguka kwa sababu ya filamu za sauti?

Hapana. Hili ndilo kosa tunalolisikia mara nyingi kuliko yote. Sauti yake ilikuwa nzito na inafaa, alikulia jukwaani akiongea na kuimba, na filamu zake za kwanza za sauti ziliingiza fedha nzuri, nyingine kuliko kazi tunazozisifu leo.

Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928 Schenck aliifunga studio na kumshauri ajiunge na MGM. Wachekeshaji wenzake Chaplin na Harold Lloyd walimwonya. Alikubali, mshahara ukawa dola 3,000 kwa wiki. MGM ilikuwa na utaratibu wake: muswada kamili kabla ya kazi, idhini ya wakubwa kwa kila badiliko, na marufuku kwa steringi kujirusha hovyo, maana akiumia uzalishaji unasimama. Kikosi chake kikatawanywa kwenye filamu za watu wengine. Filamu ya kwanza, The Cameraman, bado ni nzuri sana kwa sababu alipigania kubuni vituko papo hapo. Spite Marriage ya 1929 ina vipande vizuri. Baada ya hapo alikuwa akisoma mistari ya utani iliyoandikwa na wengine. Baadhi ya filamu alizirudia kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, akikariri maneno asiyoyaelewa, maana kuingiza sauti za lugha nyingine kulikuwa bado kugumu.

Wakati huohuo ndoa yake na Natalie Talmadge ilivunjika 1932, watoto wawili wakabadilishwa jina la ukoo, pombe ikamzidi. MGM ilimfukuza mapema 1933.

Kati ya 1933 na 1949 alikuwa wapi?

Kazini, ingawa wachache walimwona. Alicheza filamu fupi 16 za bei nafuu kwa kampuni ya Educational, kisha 10 kwa Columbia hadi 1941. Alirudi MGM kama mbunifu wa vituko kwa ujira mdogo, akiwasaidia wachekeshaji wengine. Mwaka 1940 alimwoa mnenguaji Eleanor Norris, aliyekuwa na miaka 21. Wengi walimwonya binti. Wakaishi pamoja hadi mauti. Mwaka 1947 alivuma katika sarakasi ya Medrano, Paris.

Jina lake lilirudi vipi?

Mwaka 1949 mwandishi James Agee alichapisha makala ndefu katika jarida la Life kuhusu wachekeshaji wa filamu bubu, watu wakaanza kuuliza yuko wapi. Televisheni ikamchukua. Alionekana kidogo katika Sunset Boulevard ya 1950, na mwaka 1952 akacheza na Chaplin katika Limelight. Nakala kadhaa za filamu zake zilipatikana kwenye nyumba yake ya zamani Beverly Hills, iliyokuwa imenunuliwa na mwigizaji James Mason; nyingine zikakusanywa na msambazaji Raymond Rohauer. Mwaka 1960 alipewa Oscar ya heshima. Septemba 1965, watazamaji wa tamasha la filamu la Venice walisimama na kumpigia makofi kwa muda mrefu. Aliyaona hayo akiwa hai, na tunafurahi kwamba aliyaona.

Ile kofia bapa nitaitengenezaje?

Alizitengeneza mwenyewe, kwa sababu kila filamu ilimaliza kadhaa, nyingi zikiharibiwa na maji. Anza na kofia nzuri ya sufu iliyoshindiliwa. Kata sehemu ya juu iwe fupi na bapa, punguza ukingo uwe sawa pande zote. Koroga vijiko vya chai 3 vya sukari, vilivyojaa kwa lundo, kwenye kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Lowesha ukingo juu na chini, utandaze juu ya meza safi na ngumu, uunyooshe kwa kiganja, uache ukauke kabisa. Ukiuinua kabla haujakauka utapinda. Usitumie kofia ya kitambaa cha pamba. Sukari haishiki vizuri. Na katika hali ya hewa ya pwani, ihifadhi pakavu, maana unyevunyevu huifanya inate na kuvuta sisimizi.

Kwa nini filamu hizi zinaonekana kukimbia?

Kamera ya kuzungusha kwa mkono ilipiga fremu 8 kwa kila mzunguko. Mizunguko 2 kwa sekunde ni fremu 16. Futi moja ya filamu ya milimita 35 ina fremu 16, na rili moja ni kama futi 1,000. Rili hiyo ikionyeshwa kwa fremu 16 kwa sekunde inachukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa fremu 24, dakika 11 tu. Kwa hiyo ukiweka filamu iliyopigwa polepole kwenye mashine ya filamu za sauti, watu wanakimbia.

Lakini usiipunguze sana. Wachekeshaji walipiga kwa kasi ndogo makusudi ili mwendo uchangamke, na kumbi za miaka ya 1920 zilionyesha kwa kasi zaidi ya ile ya kamera. Kipimo rahisi ni muda: Sherlock Jr. iwe takriban dakika 45, The General dakika 75 hadi 80. Nakala ya The General inayovuka dakika 100 imepunguzwa mno, vituko vinakufa.

Kuna mambo yatakayomuudhi mtazamaji Mwafrika?

Yapo, na ni vizuri ujue kabla. Katika The Playhouse na College waigizaji weupe, Keaton akiwemo, wanajipaka masizi kuigiza watu weusi. Seven Chances ina mtumishi wa namna hiyo na mzaha kuhusu mwanamke mweusi. The Navigator inamalizikia kwa "wala watu" wa kisiwani. The General inasimulia vita kwa macho ya upande uliopigania utumwa, bila kuutaja utumwa hata mara moja. Hatuoni sababu ya kuyaficha wala kuyatetea. Kwa watoto tunashauri One Week, The Boat na Sherlock Jr.

Nataka kuzionyesha shuleni au kwenye kibanda umiza. Nifanyeje?

Anza na One Week. Ni kama dakika 20 na kitu, inahusu mume na mke wanaojenga nyumba ya vipande vilivyokosewa namba, haihitaji maelezo. Ukianza na The General utawapoteza watoto kwenye dakika za mwanzo.

Usionyeshe kimya kabisa. Filamu bubu zilipigiwa piano, kinanda au okestra ukumbini. Mpiga kinanda mmoja anatosha, mradi aitazame filamu mara mbili kabla. Mwambie anyamaze kidogo kabla ya kituko kikubwa, asipige kishindo pamoja nacho, kwani kicheko cha watu ndicho kinachotakiwa kusikika hapo.

Kama una dijei wa kutafsiri, kazi yake hapa ni tofauti na anayoifanya kwenye filamu za mapigano. Asome kadi kwa Kiswahili kwa sauti, aseme jina la mhusika mara ya kwanza, basi. Akieleza kinachokuja, kituko kimekwisha kabla hakijafika.

Kuhusu haki: filamu zote bubu za Keaton, hadi Spite Marriage, sasa ni mali ya umma nchini Marekani. Nchi nyingine zina hesabu tofauti za miaka, hasa za Ulaya. Na muziki mpya uliorekodiwa kwa ajili ya nakala za kisasa bado una wenyewe. Ukitumia mpiga kinanda wako, tatizo hilo la pili linaondoka.